Nusu na Theluthi

Kila ninapoanika sweta la sufu lililolowa, harufu yake hunirudisha kwenye dawati moja mlimani, juu ya Keroka, ambako mimi na rafiki yangu tulibanana bega kwa bega kila mvua ya alasiri.

Siku hiyo tulijumlisha nusu na theluthi. Sote wawili tuliandika mbili juu ya tano. Mwalimu aliyaweka madaftari yetu sambamba.

“Kosa moja, dawati moja. Nani amemwibia mwenzake?”

“Ni huyu, mwalimu,” rafiki yangu akasema. “Huyu huchungulia.”

“Mwongo. Yeye ndiye hunyoosha shingo kama bata mzinga.”

Mwalimu alimpeleka yeye dirishani, mimi mlangoni, akatupa robo na moja juu ya tano. Kila mmoja alirudi na mbili juu ya tisa. Tulikuwa tumejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini.

“Basi hapa hakuna mwizi,” akasema, akiilaza fimbo mezani. “Kuna wajinga wawili.”

Darasa zima lilicheka. Tuliketi tena. Rafiki yangu alifungua daftari lake na kulizingira kwa mkono, nami nikalizingira langu.