Jarida la Muziki Lisilo na Nyuso

Jarida lile lilikuwa na kurasa kumi na sita, na katika kurasa zote hizo hamkuwa na uso wa mtu hata mmoja. Jaladani palikuwa na mikono miwili ya mwanamke, imepakwa hina, mmoja umeshika pembe ya nyati na mwingine kijiti cha kuipigia. Ukurasa wa tatu: miguu, vikuku, ncha ya leso. Ukurasa wa tano: mabega ya wanawake wanne, vichwa vimekatwa na ukingo wa karatasi. Nikachukua penseli na kuandika pembeni: “Mpiga picha hajui kupanga picha.”

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nianze kufundisha masomo ya habari katika chuo kidogo cha Magongo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kutengeneza jarida la muziki peke yake: apige picha, aandike makala, apange kurasa, kisha aandike tathmini ya kazi yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyetahini. Wengi walileta vijana wa mtaani waliovaa miwani ya jua na kukunja mikono kifuani, nyuma yao ukuta uliochorwa rangi. Nilikuwa nimeshasoma kumi ya namna hiyo. Hili la kumi na moja lilihusu vugo, muziki wa wanawake wa harusini, unaopigwa kwa pembe na kuimbwa kwa mafumbo. Aliyelitengeneza alikuwa binti wa Kisauni aliyekaa safu ya nyuma na kuuliza maswali machache, yote ya maana.

Jedwali la alama nililopewa na idara lilitaka mambo yaliyo wazi. Jaladani pawe na msanii anayemtazama msomaji machoni: alama kumi. Pawe na ile mistari myeusi ya bei inayosomwa na mashine dukani. Na jambo moja halikuwa na mjadala: mwanafunzi awasilishe picha zote kama zilivyopigwa, kabla hazijakatwa wala kurekebishwa, ili ithibitike kuwa ni zake. Asiyewasilisha alipata sufuri katika sehemu hiyo, na sufuri hiyo ilitosha kumfanya mtu arudie mwaka mzima. Binti huyu hakuwasilisha hata moja.

Nikamwita ofisini.

“Picha zako asili ziko wapi?”

“Nimezifuta, Mwalimu.”

“Zote?”

“Zote. Mbele ya nyanya.”

Akanieleza taratibu. Nyanya yake ndiye kiongozi wa kundi la vugo. Katika shughuli za wanawake haingii mwanamume. Wanawake huvua mabuibui wakakaa kwa raha zao, na simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni. Yeye aliruhusiwa kuingia na yake kwa masharti mawili: uso usionekane kwenye karatasi, na picha nzima isitoke nyumbani. Basi kila alipomaliza kupiga aliketi na nyanya yake, akazikata picha moja moja, kisha akazifuta zile nzima huku bibi mwenyewe akiangalia kioo cha simu kupitia miwani.

Tangu utotoni nina tabia inayomchosha mamangu: nikiambiwa jambo, nauliza umejuaje. Chuo kikuu hakikuniponya, kilinipa tu istilahi. Mila yenyewe niliijua. Wazazi wangu walikuja kutoka bara kufanya kazi uwanja wa ndege, nikakulia Port Reitz, na majirani zetu walipokuwa na harusi nilisikia vigelegele vikipenya ukutani. Lakini udhuru unaotosha vizuri mno hunitia shaka. Ningewezaje kuutofautisha na wa mtu aliyeokota picha za hina mtandaoni, ambako zimejaa tele?

“Mbona wengine huweka harusi zao mtandaoni, nyuso wazi?”

“Hao ni wengine, Mwalimu.”

“Sasa mimi nitajuaje kuwa hizi umepiga wewe?”

Hakulia wala hakunibembeleza. Alisema amepata nafasi ya mafunzo katika kituo cha redio, inaanza mwezi ujao, na akirudia mwaka nafasi hiyo atapewa mwingine. Halafu akasema, “Alhamisi binamu yangu ana singo, ya kabla ya harusi. Wewe ni mwanamke, utaingia. Njoo uone mwenyewe. Baada ya alasiri.”

Nilikubali. Nikiwa mkweli, nilikubali kwa sababu nilitaka kumkamata. Nilipitia jarida upya nikaandika orodha ya vitu vya kutafuta: pembe yenye ufa uliofungwa kwa waya wa shaba, kikuku chenye njuga tatu, kidole gumba chenye kovu. Alhamisi nikavuka kisiwa kizima hadi Kisauni na orodha yangu mkobani, kama mpelelezi aliyealikwa chai.

Nyumba ilikuwa mbele kidogo ya Bombolulu, uani pamefunikwa turubai. Mlangoni aliketi mwanamke mwenye kikapu mapajani.

“Simu, mwanangu.”

“Mimi ni mwalimu wa chuo.”

“Hata ungekuwa gavana. Simu.”

Nikaitia kikapuni, juu ya nyingine. Akaitazama kalamu iliyochungulia mkobani.

“Hiyo ingia nayo. Haina macho.”

Ndani, bibi harusi alikuwa amekalishwa mkekani, anasuguliwa mikono na miguu kwa liwa na mawaridi, akijitahidi kutocheka kwa kutekenywa. Wanawake walikuwa wengi kuliko uwanja wenyewe. Binti alinipeleka kwa nyanya yake, mwanamke mdogo wa umbo aliyeketi kwenye kigoda mgongo wima.

“Shikamoo, nyanya.”

“Marahaba. Ndiwe mwalimu usiyeamini?”

“Ndiye mimi.”

“Keti basi. Anza kuamini kwa masikio.”

Wakaanza kupiga. Nilikuwa nimesoma makala ya binti yule mara mbili, ameeleza kwamba sauti ya pembe ni kavu na haina mwangwi, nami nikaandika swali pembeni: kavu kwa maana gani? Ni kavu kwa maana ya kavu. Ni kama kuni nzuri zinapogongana, pembe ishirini kwa pamoja, na juu yake sauti ya nyanya yule inaanza mstari kisha wote wanaumalizia. Mwanamke mmoja kando yangu akanipa pembe yake na kijiti. Nilijaribu. Nilikuwa nyuma ya wote, halafu mbele ya wote.

“Huyu ana digrii ya nini?” akauliza mmoja.

“Ya mawasiliano,” binti akajibu.

“Basi hajapata mtu wa kuwasiliana naye.”

Walinicheka kwa kituo, na nikacheka nao. Pembe iliyofungwa waya wa shaba nilishaiona, iko mikononi mwa nyanya mwenyewe. Njuga tatu nilizisikia kabla ya kuziona. Mwenye kovu la kidole gumba ndiye aliyekuwa akigawa halwa. Orodha yangu ilikwisha kabla ya chai.

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa katika mpango: nililitoa jarida. Lilinyakuliwa. Likapita mkono kwa mkono, na kila ukurasa ukawa na kelele zake.

“Mguu wa nani huu?”

“Hujui mguu wangu, na tumelelewa kitanda kimoja?”

“Niliujua kwa ukucha. Nilitaka ukiri.”

“Na mabega haya ni ya yule bibi wa Mtopanga. Hakuna mwengine anayekaa hivyo, kama amepewa nchi.”

Waliwatambua wote. Ukurasa wa tano, wenye vichwa vilivyokatwa, ulichukua muda mfupi kuliko yote. Walitaja watu wanne bila kusita na wakaongeza nani alikuwa amenuniana na nani siku hiyo. Katika tathmini yake binti aliandika kwamba wasomaji wake hawahitaji nyuso. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari na kuandika: “Ushahidi?”

Hawakuwa wasomaji wapole, hata hivyo. Mmoja alilalamika kwamba wimbo wa ukurasa wa tisa umekatwa beti mbili.

“Zile beti zingenigombanisha na watu,” binti akajitetea.

“Ndizo tamu.”

Jarida likafika kwa nyanya. Alilifungua ukurasa wa saba, akalisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu.

“Pembe ni yangu,” akasema. “Mkono si wangu.”

Binti akaangalia mkeka.

“Yako ilitoka na ukungu, nyanya. Siku ya pili nikampa dada aishike, nikapiga tena nawe hupo.”

“Dada yako ashike pembe yangu? Hebu mtazameni alivyoishika. Kama chupa ya soda.”

Vicheko vilirudi, lakini binti alikuwa ananitazama mimi. Katika tathmini yake aliandika kwamba picha zote zilipigwa wakati wa shughuli yenyewe. Shaka yangu ilikuwa imepata kitu, picha moja kati ya ishirini na tatu. Nilitarajia kuona raha ya kumkamata, na niliionja kidogo, siwezi kukana. Kilichonishangaza ni kwamba aliyemkamata ni nyanya yake, kwa kutazama mara moja, na mimi niliyeutazama ukurasa ule kwa siku tatu sikuona kitu.

Nilipochukua simu yangu kikapuni jua lilikuwa halijatua. Nikiwa njiani kurudi ndipo niliposhtuka: nilijua kila nilichotaka kujua, na sikuwa na kitu cha kuonyesha.

Mkuu wa idara yetu alikuwa mzee wa Likoni aliyekaribia kustaafu, mtu wa fomu, asiyepitisha karatasi yenye nafasi tupu.

“Picha asili?” akauliza kesho yake.

“Hazipo. Nilikwenda mwenyewe kuthibitisha.”

“Umekuja na nini?”

“Sina kitu. Simu ilikaa kikapuni.”

“Kwa hivyo ushahidi wako ni kwamba ulikuwako.”

“Ndiyo.”

“Wewe? Wewe uliyemrudishia mwenzako ripoti ya safari kwa sababu haikuwa na saa ya kuondoka?”

“Mimi.”

Akavua miwani. “Mimi nakuamini. Wallahi, mke wangu mwenyewe hupiga vugo, nisipokuamini atanigombeza. Fomu ndiyo haina mke.” Akasogeza karatasi nyeupe mbele yangu. “Andika. Eleza vitu, usieleze watu. Kisha tia sahihi.”

“Na mtahini wa nje akitaka kuhakikisha?”

“Aende mwenyewe.”

“Ni mwanamume.”

“Basi amtume mkewe.”

Niliandika nusu ukurasa: pembe, ufa, waya, njuga, sharti la kikapu. Iliyonisumbua ilikuwa sentensi fupi kuliko zote, ile ya kwanza, isemayo kwamba nilikuwako na niliona. Niliifuta mara tatu. Ilionekana uchi bila kitu cha kuishikilia. Mara ya nne nikaiacha.

Alama nilizihesabu jioni ile kwenye kiti cha mtahini, dirisha wazi, huku muuza mahamri akipita chini. Sehemu ya picha asili nikampa alama zote isipokuwa tano za ukurasa wa saba, na nyingine tano nikazikata kwenye tathmini kwa kusema picha zote zilikuwa za shughuli. Jalada nikalipa nane kati ya kumi na kueleza kwa nini. Mistari ya bei hakuweka, akapata sufuri, na hilo sikulipigania. Maneno yangu ya penseli niliyafuta kwa raba. Jumla ilikuwa sitini na nane, na kufaulu ni hamsini.

Siku ya matokeo nilimkuta kwenye ubao wa matangazo, kidole kiko juu ya namba yake. Aliipiga picha akaituma nyumbani. Jibu lilikuja kwa sauti, akaliweka nisikie. Nyanya yake alisema sitini na nane ni chache, mwalimu aongeze. Ila kama amekata za ukurasa wa saba, amekata sawa, na angekata zaidi.

Binti akaiweka simu mkobani.

“Mwalimu, mtu ana haki ya kukata rufaa?”

“Ana siku kumi na nne. Fomu iko kwa katibu.”

“Ni ndefu?”

“Kurasa sita.”

Akakitazama kibao cha ofisi ya katibu mwisho wa ukumbi, akafikiri. Kisha akasema Jumatatu anaanza redio, na kabla ya hapo ana viatu vya kutafuta.