Mbuzi ya Nazi na Maneno Mawili ya Kiingereza

Krwa, krwa, krwa. Adhana ya alfajiri ilikuwa haijaisha, na mbuzi ilikuwa imeshaanza kazi. Nasema mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao chenye ulimi wa chuma na meno mbele, unakikalia kama unakwenda safari. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha utoto wangu wote Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita karibu na Mtaa wa Msimbazi, ukumbi mrefu katikati, uani jiko la watu wote. Nyuma ya sauti inakuja harufu: mchele ulioumuka, iliki, na mkaa unaokataa kushika. Mama yangu alikuwa akikaanga vitumbua barazani, na hakuna kitumbua bila tui, wala tui bila mbuzi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nazungumzia kitu kidogo. Nyumba nzima, watu wapatao ishirini, mbuzi ilikuwa moja. Kinu kimoja. Pasi ya mkaa moja, nayo ilikuwa ikienda Magomeni kwa shangazi wa mtu na kurudi Jumamosi. Tuliishi kwa kuazimana. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, lakini sisi kilitusitiri, tena barabara.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne. Enzi hizo darasa la nne lilikuwa mlango, na mlango wenyewe mwembamba. Tulikuwa tumebanana watatu watatu kwenye dawati, na nafasi za darasa la tano ulikuwa unaweza kuzihesabu kwa vidole ukabakiwa na kidole. Unafanya mtihani, usipopita, umekwisha kusoma, nenda nyumbani. Mama hakunificha. "Semeni," aliniambia, "ukipita nitakaanga vitumbua mpaka uwe nesi. Usipopita, kiti chako hiki hapa." Akanionyesha kigoda cha pili kando ya chuma cha vitumbua. Nilikiogopa kigoda kile kuliko fimbo ya mwalimu.

Kiswahili nilikuwa sijambo. Hesabu, tuziache kwanza. Kiingereza ndicho kilichonikaa kooni kama mwiba wa changu. Maneno yake yanafanana kama mapacha waliovishwa nguo moja, na mwalimu wetu alikuwa akiyapenda hayo hayo ya kufanana. Anaandika mawili ubaoni, anauliza tofauti, ukikosea unanyoosha kiganja. La kuona na la kutazama nililipita kwa kudra. La kusikia na la kusikiliza nililipita kwa kumchungulia jirani. Lakini yalikuwapo mawili yaliyonigomea kabisa, borrow na lend. Mwalimu alisema yote mawili ni kuazima. Sasa kama yote ni kuazima, Mzungu alitaka mawili ya nini? Sisi neno moja lilitutosha. Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima, na kitu chenyewe kinajua kinakwenda wapi. Mwalimu akatuapia kwamba siku ya mtihani swali hilo halikosi, na mtoto atakayemchanganyia maneno yale basi asahau darasa la tano.

Kosa langu ni kwamba niliuliza nyumbani, tena ukumbini, jioni, watu wote wapo. Nyumba yetu ilikuwa na wataalamu wawili wa Kiingereza, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Wa kwanza alikuwa Babu Feruzi, chumba cha uani, mpishi mstaafu wa Wazungu, mjane, aliyekuwa akila wali kwa uma kila Ijumaa ili tusisahau alikotoka. Wa pili Mama Elinami, chumba cha mbele, Mchaga, mumewe ana duka la jumla kona ya pili. Yeye alisoma misheni kwao Kilimanjaro mpaka darasa la sita, na hilo la sita alikuwa akilitaja kama mtu anavyotaja kwamba amekwenda Maka.

Babu Feruzi akanijibu kwanza, bila hata kuinua macho kwenye kikombe chake. "Borrow ni kutoa, mjukuu wangu. Kumpa mtu kitu akatumie."

Mama Elinami akachungulia mlangoni kwake. "Mzee, shikamoo. Lakini unampoteza mtoto. Borrow ni kuchukua."

"Marahaba. Mimi neno hilo sikulisoma kwenye kitabu, mama. Nimelifanyia kazi. Kila wiki memsabu wa nyumba ya pili anakuja mlango wa jikoni na kikombe chake, anasema borrow, borrow, borrow. Na kila akisema, mkono unaotoa sukari ni huu. Mwaka wa kwanza huu, wa kumi huu. Sasa wewe utaniambia nilikuwa nachukua?"

"Huyo memsabu alikuwa anajisema yeye, Mzee. Wewe ulikuwa una-lend."

"Mimi sijawahi ku-lend katika maisha yangu," alisema Babu Feruzi, kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa wizi.

Pale yangekwisha. Lakini Mama Elinami alikuwa mtu wa kumaliza somo, akatafuta mfano, na mfano aliouona karibu ulikuwa mbuzi. Mbuzi ile ilikuwa ya marehemu mke wa Babu Feruzi, na tangu mwezi wa mfungo ilikuwa ikilala chumbani kwa Mama Elinami kwa kuwa chumba chake kiko karibu na baraza. "Tazama, Semeni," akasema, "mbuzi hii mimi nime-borrow, Babu ame-lend." Babu Feruzi akasimama. Akasema kama ni hivyo, yeye jambo asilolijua hawezi kulifanya, na anaitaka mbuzi yake. Akaongeza kwamba watu wa migombani nazi zenyewe wamezijulia hapa. Mama Elinami akaitoa mbuzi akaiweka sakafuni kwa kishindo, akasema basi na kinu chake kisiguswe. Mwenye mchi akasema kama kinu hakitoki, mchi utatokaje? Mwenye pasi akatuma mtu Magomeni. Kufika magharibi, nyumba nzima kila mtu alikuwa amejifungia na mali yake na hakuna hata mmoja aliyeweza kupika. Mwenye kinu hana mchi. Mwenye mchi hana ungo. Mwenye mbuzi hana nazi, yumo ndani amekalia mbuzi kavu.

Asubuhi sikuamshwa na kitu. Kimya. Mama alijaribu kupara nazi kwa kisu, akapata tui la rangi ya maji ya kufulia, vitumbua vikatoka vigumu mpaka mteja mmoja akauliza kama ni vya kula au vya kuezekea. Siku ya pili hakukaanga kabisa. Siku ya tatu alinitazama mara moja tu, akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao. Umetuletea Kiingereza ndani, haya tule Kiingereza." Halafu akajifunga kanga yake ya pili akaenda kwa balozi.

Balozi wa nyumba kumi, kwa vijana wasiojua, ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wa majirani kabla haujafika mbali. Wetu alikuwa Mzee Kondo, muuza mkaa, vidole vyeusi, moyo mweupe. Alikuwa na muhuri, na muhuri ule alikuwa akiupumulia haa, haa, kabla ya kuugonga, kama mtu anayesafisha miwani. Akatuweka barazani baada ya swala ya alasiri, siku moja kabla ya mtihani wangu. Alisikiliza upande wa uani, akasikiliza upande wa mbele. Kiingereza yeye alikuwa hajui hata salamu. Akauliza, "Huyo memsabu mwenyewe yuko wapi?" Akaambiwa alisharudi kwao. "Basi shahidi hayupo," akasema. Akauliza mbuzi imevunjika? Haikuvunjika. Kuna aliyetukanwa mama yake? Hakuna. Akanywa kahawa yake polepole.

"Mimi hapa sikuwekwa ili nijue Kiingereza," akasema mwisho. "Nimewekwa ili nyumba kumi zilale salama. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mbuzi itakaa ukumbini, si ya mbele wala ya uani. Na hilo neno lenu ni hivi: mbele ya nyumba litatumika kama asemavyo Mama Elinami, uani litatumika kama asemavyo Mzee Feruzi. Asiwepo wa kumcheka mwenzake."

Watu wakaitikia, haki hiyo. Mama yangu pekee hakuridhika. "Na mtoto, balozi? Kesho ana mtihani. Akaandike la mbele au la uani?" Mzee Kondo akaona swali ni la maana. Akaagiza karatasi, akamwambia mtu aandike kwamba mtoto Semeni wa nyumba kumi zake ameruhusiwa kutumia maneno yote mawili na asisumbuliwe. Haa, haa, akagonga muhuri. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyekwishafaulu.

Swali lilikuwapo, kama mwalimu alivyoapa. Mtoto anamwomba mwenzake penseli, jaza pengo. Nikayaandika yote mawili, yamesimama pamoja kama bibi na bwana harusi, nikaweka karatasi ya balozi juu yake. Msimamizi alitoka shule nyingine, mtu mrefu asiyecheka. Akaichukua, akaisoma. Akaisoma tena. Akatoka nje, na sisi ndani tukasikia kitu kama mtu aliyepaliwa na ugali. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa. Akanirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

Majina yaliposomwa langu halikuwapo. Wajukuu wangu wanapenda kuwasimulia wenzao kwamba bibi alifelishwa na muhuri wa balozi. Si kweli, na mimi sipendi sifa za uongo: hesabu nazo niliziandika kwa matumaini tu. Lakini Mzee Kondo habari ile ilimchoma. Muhuri wake umedharauliwa. Akavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne, akaenda shuleni, na kulia kwake Babu Feruzi, kushoto kwake Mama Elinami, watu waliokuwa hawajasalimiana tangu ugomvi ule sasa wanatembea bega kwa bega kumtetea mtoto wao. Mimi nyuma. Mwalimu aliwapa viti. Akaeleza taratibu, bila fimbo, na kwa mara ya kwanza nikaelewa: anayepokea ana-borrow, anayetoa ana-lend. Mama Elinami alikuwa sahihi. "Na hii karatasi yangu?" akauliza Mzee Kondo. Mwalimu akasema karatasi ni nzuri ila haina nguvu kwenye mtihani. "Najua tatizo," akasema Mzee Kondo akinyanyuka. "Wewe hukai kwenye nyumba kumi zangu."

Wakati wa kurudi Babu Feruzi alitangulia mbele. Tulivuka barabara, tukapita nyuma ya soko la zamani penye maganda ya machungwa. Karibu na nyumbani akasimama. "Miaka yote ile," akasema, "kumbe neno lilikuwa la memsabu." Nilimtazama Mama Elinami. Alikuwa ameshinda, tena mbele ya mashahidi, na ulimi wake niliujua. Akavuta mtandio wake, akasema, "Lakini sukari ulitoa wewe, Mzee."

Kesho yake alfajiri, krwa, krwa, krwa. Nyumba nzima iliamka kwa raha. Ila aliyekuwa ameikalia mbuzi safari hii ni mimi, na kigoda cha pili kilikuwa kimeshawekwa barazani.

Nilikikalia kigoda kile miaka mingi, na sioni haya kusema. Kwa vitumbua nimesomesha watoto wanne, na mdogo wao ndiye nesi, hospitali kubwa. Nyumba yetu ilishabomolewa. Pale sasa ni ghorofa, chini wanauza makava ya simu. Mimi nakaa Upanga kwa mwanangu, ghorofa ya tatu, kila mlango una chuma na kufuli. Mjukuu wangu Nasra naye yuko darasa la nne, shule ya Kiingereza, basi linamfuata mpaka getini. Mwezi uliopita kaja na orodha ya maneno yanayochanganya watu, kurasa mbili, na ya kwanza kabisa ni yale yale mawili yangu. Akanieleza tofauti haraka haraka, hajapepesa macho. Nikamwambia vizuri, basi nenda kwa jirani uka-borrow mbuzi, nataka kupika samaki wa nazi, na haya maboksi ya tui ya mama yako siyawezi. Mtoto akaniangalia kama nimemtuma akaibe. "Bibi, hapa watu hawaazimani vitu."

Nikaenda mwenyewe. Mlango wa pili wanakaa Wahindi, na katika mwaka mzima tulikuwa tumepeana habari za asubuhi tu, kwenye ngazi. Nikagonga. Yule mama, Mama Hetal, akafungua kidogo, akasikia ninachotaka, akafungua chote. Mbuzi anayo, ya mama mkwe wake, tena ya zamani, meno makali. Niliirudisha na sahani ya vitumbua juu, maana kwetu chombo hakirudi kitupu. Sahani ikarudi na chapati zao nyembamba kama karatasi. Kisha akaja kuomba ungo wangu. Mbuzi imekwenda na kurudi mara nyingi, sasa inalala kwenye ngazi kati ya milango miwili, na hakuna anayeuliza.

Jana Nasra kaleta jaribio lake la Kiingereza. Lile swali amelipata, limepigwa vema kubwa jekundu. Nikaliangalia kwa muda, nikapiga vigelegele mpaka Mama Hetal akatoka kuuliza kuna harusi gani. Halafu nikamwambia mjukuu wangu aweke daftari chini aniletee mbuzi. Akaenda, akaileta, akaikalia yeye mwenyewe, vibaya, miguu imekaa upande. Nikamsogeza nikamwonyesha.