Njumu za Bwawa la Magogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa msharasi, sindano nene ya kutobolea ngozi, nikajichoma kidole kabla ya chai ya saa nne. Fundi Mkuu wa ushirika wetu wa viatu pale Kariakoo, mzee wa asili ya Yemen aliyeongea kwa upole hata akikasirika, alinifunga kitambaa akasema, "Sasa umeajiriwa, binti." Nilikuwa mwanamke pekee kwenye benchi zile. Wateja walidhani nimekaa pale kuwapikia mafundi.

Miaka ile ya Ujamaa tulishona viatu vya shule, vya mgambo, na makubadhi. Ndipo akaja Meneja wa kiwanda cha mbao kilichokuwa kando ya maji. Magogo yao waliyahifadhi bwawani yasipasuke kwa jua, na wafanyakazi walitembea juu yake wakiyasukuma kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia, hadi kwenye msumeno. Gogo lililolowa huteleza kama limepakwa mlenda, tena huzunguka. Viatu vyao vya njumu, meno ya chuma chini ya soli, vilitoka nje ya nchi, na fedha za kigeni hazikupatikana. Wiki hiyo mfanyakazi mmoja, Nassoro, alikuwa ameanguka kati ya magogo, akavunjika mguu.

"Mnaweza kuvitengeneza?" Meneja akauliza.

Mwenyekiti wetu alikuwa anatikisa kichwa. Nikamtangulia. "Tunaweza, ndugu."

Fundi Mkuu akanigeukia. "Basi wewe ndiye utakayevijaribu."

Jozi ya kwanza tuliipigilia misumari ya kawaida. Nilipokanyaga tu, misumari ikarudi juu na kunichoma nyayo. Nikaruka, mafundi wote wakacheka. Tukaenda kwa wahunzi wa mtaa wa Gerezani, wakatufulia njumu zenye kichwa kipana kama kifungo. Kichwa hicho tulikibana katikati ya soli mbili, ya chini ngozi nene, ya juu mpira wa tairi, ili uzito wa mtu usikisukume mguuni. Soli hizo nilizishona kwa mkono wangu.

Siku ya majaribio nilifunga kanga juu ya suruali ya kazi, nikapanda gogo. Sikujua kuogelea. Nassoro alikuwa ukingoni na magongo yake.

"Dada, usitazame miguu! Tazama mbele!"

Gogo likazunguka. Njumu zikauma mti, nikakanyaga tena, na tena, hadi ng'ambo. Bwawa zima likalipuka kwa vifijo. Fundi Mkuu alinipungia kofia yake. "Rudi!" akaita. "Sijaona vizuri!" Nikarudi nikicheka, safari hii kwa madaha.

Tangu hapo nikawekwa kuwa msimamizi wa viatu vya kazi. Tulishonea wazima moto, wachimba mitaro, na wapakuzi wa samaki wa soko la Feri. Nassoro alipona, akarudi bwawani na jozi yetu.

Ninyi mnaoanza kazi leo huniuliza nilipata nini. Siku ya kuniaga nilipostaafu, wafanyakazi wa bwawani waliingia ukumbini wamevaa viatu vyao vya kazi, wakacheza ngoma mpaka sakafu ya mbao ikatoboka kila mahali. Mwenyekiti alishika kichwa. "Vueni jamani! Vueni!"

Hakuna aliyevua. Nami nikaomba jozi ya saizi yangu, nikaingia katikati.