Nilivyolilia Mji wa Watu

Wasomaji wenzangu, nichekeni tu, ila msinitenge.

Kwaya yetu ya Tukuyu ilialikwa Ulaya, wenyeji wakatupeleka kwenye sanamu ya kukumbuka mji wao ulivyoteketezwa kwa mabomu vitani. Ni mama wa shaba amepiga magoti, amekumbatia mlango usio na nyumba. Mbele yake walisimama watu wenye suti nyeusi na maua mkononi. Kijana mmoja alikuwa akijifuta machozi. Mimi, msomi wa masomo ya jioni, nikajumlisha: huu ni msiba.

"Mama Anyisile," nilimnong'oneza kiongozi wetu wa kwaya, "wafiwa wale."

"Nenda basi, baba! Wasije wakasema Wanyakyusa hatuna utu."

Kwetu Rungwe hufiki msibani ukauliza nani kafa. Unalia kwanza, maswali baadaye. Na mimi nikilia, majogoo wa kijiji cha jirani, Kinyala, huitikia. Nikamwangukia kijana shingoni, nikaulilia mji, nyumba zake, hata mbuzi waliokuwamo. Mama Anyisile akapokea kwa sauti ya kwanza. Kijana, Mungu ambariki, akanipigapiga mgongoni, naye akazidi kulia.

Mwenyeji wetu, aliyewahi kufundisha Tukuyu, akaja mbio.

"Kaka, mwachie! Wamekuja kupiga picha!"

"Picha gani msibani?"

Kabla hajajibu, gari lililopambwa riboni likasimama. Akashuka bibi harusi, shela jeupe likiburuzika, akamkuta bwana harusi wake kifuani pangu, kola imelowa machozi yangu.