Tableti ya Bei Chee na Mke Mwenza wa Maskati

Baba yangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: popote watu walipogawanyika makundi mawili, yeye atalitafuta la tatu. Nchi nzima ina timu mbili za mpira, watu wanagombana kwa ajili yao mpaka misibani. Baba akachagua timu ya tatu, ambayo ilishuka daraja mie nikiwa darasa la pili na haijarudi hadi leo. Soda akanunua za kampuni ya tatu, kreti mbili nzima, kwa sababu zilipunguzwa bei. Kampuni ikafungwa, chupa zikakosa pa kurudishwa, mama akazichomeka kichwa chini kuzunguka maua yake, na bado zipo pale uani Temeke. Laini ya simu? Ya mtandao ambao sie tuliambiana kwamba una wateja wawili tu, baba na mwenye mtandao.

Kwa hiyo siku aliyoniambia nimsindikize Kariakoo kununua tableti, ningepaswa kujua. Sikujua. Nilitoka Gongo la Mboto asubuhi na mapema nikidhani naenda kumnunulia mama kitu.

Na kweli kilikuwa cha mama. Mdogo wangu ameolewa Maskati, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Mama macho yake hayako sawa. Moja lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili linasuasua. Ukimpa simu yangu atazame picha, anasema anaona mwanga unacheza tu. Baba akamwahidi mbele yetu kwamba siku ya arobaini, mtoto akitolewa nje, atamuona kwenye kioo kikubwa kama sinia. Kabla ya hapo picha hakuna, na aliyezikataza ni mama mwenyewe, anaogopa kijicho.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Anakuja kumnyang'anya mume, basi hapokelewi kwa sifa, anapokelewa kwa maneno. Nilipojifungua binti yangu, mama alikuja hospitali, akafunua kanga, akamtazama mtoto kwa raha zake, kisha akasema kwa sauti wodi nzima ikasikia, "Huyu ndiye anayekuja kunichukulia mume? Na kisogo hicho? Mume wangu kaishiwa!" Alipomaliza ndipo akalia machozi ya furaha, akambeba. Hivi ndivyo mama anavyopenda. Sasa huyu wa Maskati alikuwa akiandaliwa maneno kwa siku arobaini. Mama akichambua mchele utamsikia peke yake, "Anadhani kwa kuwa kazaliwa kwenye kiyoyozi ndiyo atanitisha? Aje!"

Pale dukani tableti zilipangwa mafungu matatu. Mafungu mawili yalikuwa na watu wengi. La tatu lilikuwa pembeni karibu na mafeni, limebandikwa karatasi nyekundu ya punguzo, bei imekatwa zaidi ya nusu. Nikamuuliza dada muuzaji mbona rahisi hivi. Akanijibu kwa sauti ya chini, mkweli kuliko kazi yake inavyotaka, "Hizi zina mfumo endeshi wake wenyewe, dada. Siyo ile miwili ya watu wote."

Nikamkanyaga baba mguu ili tuondoke. Nilichelewa.

"Wake wenyewe?" baba akauliza, uso umemng'aa.

"Baba, huo mfumo nani anautumia?"

"Ndiyo maana wanapunguza bei, wanajenga soko. Watu ambao hawana tableti nchi hii ni wengi kuliko walio nazo. Siku wakiamua kununua watanunua ipi? Ya ghali? Tumia akili, mwanangu. Kila kitu huanza na watu wachache."

"Soda zako zilianza na watu wachache, zikaisha na watu wachache."

Akajitia hamnazo. "Tufungie hiyo," akamwambia dada, "na kava la ngozi juu yake."

Ilipofika nyumbani ilipendeza, sisemi uongo. Kioo kipana, kinang'aa, mama akakipapasa akasema hapa nitamuona vizuri huyo bibie. Ishu ilianza tulipofungua duka la programu. Lilikuwa duka tupu. Kulikuwa na kikokotoo, kikokotoo kingine, mchezo wa kulima nyanya, programu ya hali ya hewa ambayo hadi leo inatutangazia theluji ya mji tusioujua, na dira ya kibla. Ile programu ya kupigiana video, ambayo hata muuza mihogo wetu anayo, haikuwepo. Nikajaribu njia za kuzunguka nilizoelekezwa na watu, zote zikakwama.

"Itakuja," baba akasema. "Mfumo mchanga huu. Wanaleta apdeti."

Akawa anasubiri apdeti kila siku baada ya sala ya alfajiri, anakaa kibarazani na tableti mapajani, anapapasa kioo. Apdeti zilikuja kweli. Ya kwanza ilibadilisha rangi ya saa. Ya pili ilileta kikokotoo cha tatu.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la jirani yetu mwenye asili ya Kiarabu, alilolifungua babu yake. Sie tunamwita Ami tangu tukitambaa. Mbele ya duka lake ndipo wazee wa mtaa wanapokunywa kahawa na kuhukumu dunia. Baba akaipeleka tableti pale kuitangaza, lo! Wakamaliza mpira, wakahamia mifumo endeshi. Watu ambao juzi walikuwa hawajui mfumo ni nini wakawa wanabishana soko lake litafika wapi. Ami akaomba aone dira ya kibla. Dira ikazunguka, ikatulia, ikaonyesha Mbagala.

"Sheikh," Ami akasema taratibu, "mfumo wako umehamisha Makka."

Wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama alikuwa anavuka kuja kununua unga, Ami akamgeukia. "Shemeji, hebu tusaidie. Wewe ulichumbiwa na watu wangapi?"

"Watatu," mama akasema.

"Na huyu alikuwa wa ngapi?"

"Wa tatu," mama akajibu, akachukua unga wake akaondoka. Baraza likavunjika kwa vicheko.

Baba alipandwa na hasira. Akasimama, akasema, "Ngojeni siku ya arobaini ya mjukuu wangu. Mke wangu asipomuona mtoto kwa mfumo huu, kahawa hapa nitawamiminia mie, kwa mkono wangu, nimesimama, mmoja baada ya mwingine." Na tangu siku hiyo akawa hakanyagi kwa Ami. Kahawa akawa anakunywa nyumbani, peke yake, kanuna.

Kilichokuwa kinaniudhi ni kwamba Ami ana televisheni kubwa sebuleni kwake, ameiunganisha na simu, na kila Ijumaa anazungumza na ndugu zake wa Maskati humo, unawaona mpaka vidole vya miguu. Dawa yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikamwambia baba. Akaniambia nirudi Gongo la Mboto kama nimechoka kuja kwake. Nikamwambia mama. Mama akasema, "Mwache baba yako. Kaniahidi yeye, atanionyesha yeye." Mie sina subira hiyo. Nilikuwa natamani niitupe ile tableti kwenye mtaro.

Siku ya arobaini ikafika. Mama alioga mapema, akavaa kanga mpya doti nzima, akajifukiza udi, akakaa sebuleni kama anayesubiri posa. Baada ya alasiri baba akatoka chumbani na lile kava la ngozi, amelishika kwa mikono miwili.

"Imekubali," akasema. "Apdeti imeingia."

Akalifungua kava mbele ya mama. Ndani yake hapakuwa na tableti. Palikuwa na simu ndogo, iliyotumika, ya mfumo uleule wa watu wote, imebandikwa katikati kwa solotepu. Nikafungua mdomo. Baba akanikata jicho, nikaufunga. Nilitaka kucheka, nilitaka pia kulia kwa hasira. Mzee mzima ameenda mwenyewe kwa fundi simu kujinunulia kushindwa kwake, halafu anakuficha ndani ya kava!

Simu ikaita. Mdogo wangu akatokea, akasalimia wote, shikamoo zikapita, kisha akamleta mtoto karibu. Nikamuona. Uso mdogo, mzuri, na katikati ya uso, ya rabi, pua ya baba. Ileile. Nikajisemea leo hapa kazi ipo, nikajiweka sawa nimsikilize mama.

Mama aliinama mpaka paji la uso likakaribia kioo. Kisha akasema, "Mashaallah. Mzuri. Mungu amkuze."

Tukasubiri.

"Mama," mdogo wangu akauliza kutoka Maskati, "ndiyo hivyo tu?"

"Mzuri, mwanangu. Mzuri sana."

Nilidhani pengine ni uzee, au furaha imemzidi. Baba ndiye aliyeelewa. Alimtazama mama, akalishusha kava.

"Mama watoto," akasema, "hujamuona."

"Nimemuona."

"Ungemuona ungemtukana."

Mama akajifunga kanga upya bila sababu. "Naona mwanga," akasema polepole. "Lakini sauti yake nimeisikia akilia, yatosha. Umejitahidi, mume wangu. Yatosha."

Roho iliniuma, sifichi. Mwanamke aliyesubiri siku arobaini alikuwa tayari kuondoka bila kuona, ili tu lile kava lisimuaibishe mwenye nalo. Na mie nilikuwa nimekaa pale nasubiri kicheko.

"Kata," baba akamwambia mdogo wangu. "Tunakupigia sasa hivi. Usimlaze mtoto." Akavaa kofia yake, akatoka, akavuka barabara. Nikamshika mama mkono tukamfuata.

Wazee walikuwa wote pale kwa Ami, vikombe mkononi. Walipomuona baba na lile kava chini ya kwapa wakakaa sawa.

"Sheikh, karibu," Ami akasema. "Mfumo unasemaje leo?"

"Umenishinda," baba akasema. "Umenishinda, jirani. Nina shida ya televisheni yako. Mke wangu amuone mjukuu."

Sijawahi kumsikia baba akisema neno hilo, si kwa timu, si kwa soda, si kwa chochote. Nikawakodolea macho wale wazee, atakayecheka tu nimvae. Hakucheka mtu. Ami akaweka kikombe chini. "Karibu shemeji, karibu ndani," akasema, akaingia mbele yetu, akasogeza mito mwenyewe, akamkalisha mama karibu kabisa na kioo, akaanza kuandika kwenye simu yake namba ya mdogo wangu niliyomtajia. Kuhusu kahawa hakusema kitu. Baba mwenyewe ndiye aliyerudi barazani, akachukua birika, akaanza kuwamiminia wazee mmoja baada ya mwingine, amesimama, kama alivyosema. Wakawa wanapokea kwa adabu, macho chini.

Alikuwa amefika mlangoni na birika, anammiminia Ami aliyesimama hapo, simu mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, wakati televisheni ilipowaka na mtoto akajaa kioo kizima, uso wake mkubwa kuliko wa mama.

Mama hakusema mashaallah. Alimtazama kuanzia utosini, akashuka taratibu, akafika katikati, akasimama. Akanyoosha mkono akagusa kioo kwa kidole.

"Ebo!" akasema. "Huyu ndiye mke mwenza? Siku arobaini mnanificha, kumbe mlikuwa mnaficha hili pua? Maskini wa Mungu! Baba yenu hilo lake halikumtosha hapa Temeke, kaona alipeleke mpaka Maskati?"

Baba alicheka, machozi yakamtoka, kahawa ikamwagikia kanzu ya Ami na Ami naye anacheka. Mdogo wangu alikuwa anapiga vigelegele huko aliko. Mama akamnyamazisha kwa mkono, akasogea karibu zaidi na kioo, maana alikuwa bado hajafika kwenye masikio.