Nilivyomchinja Dume la Kijiji kwa Ubishi Wangu

Wenzangu, mkosaji ni mimi. Si shetani, si mashine, ni mimi mwenyewe na mdomo wangu! Nimezeeka sasa, na jambo hili nimelibeba tangu miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tunaitana ndugu hata na mtu usiyempenda. Mkitaka kucheka, chekeni. Nastahili.

Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Tabora, na bucha langu lilikuwa Mtendeni. Marehemu baba alinirithisha kitu kimoja tu: kiganja. Nikikiweka mgongoni mwa ng'ombe, nikambonyeza mbavu, nikamshika shina la mkia, nakwambia ana nyama kiasi gani na mafuta kiasi gani kabla kisu hakijamgusa. Watu wakaniita Bwana Kiganja. Jina tamu jamani! Nililivaa kama kofia mpya ya Idi.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha ujamaa, ukielekea Puge, kilichokuwa kikiniita kila kiangazi nikawachagulie ng'ombe wa kuchinja. Mwaka huo walikuwa wanafungua zahanati yao, na wageni wa mkoa wangekuja kula. Kijiji kilikuwa na madume wawili tu. Mmoja achinjwe, mwingine abaki kuwa dume la mbegu.

Wa kwanza alikuwa mweupe, mrefu, na pembe za kujionea fahari. Wa pili alikuwa mfupi, rangi ya vumbi, nundu imemkalia kama mzigo, ndiyo maana akaitwa Mpagazi. Babu zetu walibeba mizigo katika njia hiyohiyo mpaka pwani, kwa hiyo lilikuwa jina la heshima, ingawa dume lenyewe lilikuwa na sura ya kuomba radhi.

Mpagazi alilelewa na Mzee Kashindye. Mama yake alikufa yeye akiwa bado ndama, mzee akamnywesha maziwa kwa kibuyu mpaka akasimama. Siku mifugo ilipokusanywa iwe ya kijiji, mzee alimleta mwenyewe kwa kamba, akasema, "Haya, ni wenu. Ila msimpige."

Basi mimi nikafika, nikasimama mbali, mkono mfukoni, nikatangaza mbele ya kijiji kizima: "Mchinjeni huyu kibete! Mweupe ndiye wa mbegu." Hata kuwagusa sikuwa nimewagusa!

"Tungoje kwanza, baba," ikasema sauti nyuma yangu. "Shikamoo."

Ndiye Bibi Veronika, bibi mifugo mpya, binti wa hukohuko vijijini aliyetoka masomoni. Alikuwa na sanduku la chuma kwenye Landrova, lenye kioo kidogo, nalo liliunganishwa kwa nyaya na betri ya gari. Wataalamu wa utafiti walikuwa wamemwazima ili alijaribu kwa ng'ombe wetu.

"Marahaba, binti. Hiyo redio?"

"Si redio, baba. Inapeleka ndani sauti ambayo sikio halisikii. Ikikuta mafuta inarudi, ikikuta nyama inarudi, nasi tunaona kwenye kioo unene wake. Tunajua nyama iliyomo na ng'ombe yuko hai."

Watu walinitazama mimi. Nikaona lazima niseme neno.

"Binti yangu," nikasema, "ng'ombe hapigwi picha. Ng'ombe anakaangwa!"

Lo, walicheka! Mwenyekiti wa kijiji alicheka mpaka akashika magoti. Veronika naye akacheka, kisha akaendelea na kazi kana kwamba sipo. Alimnyoa Mpagazi manyoya kidogo mgongoni, karibu na mbavu za mwisho, akampaka mafuta ya kupikia, akabandika kidude chake. Nikasema kwa sauti, "Ameshampaka mafuta, bado kitunguu!" Wakacheka tena. Nilikuwa nimenoga.

Akampima na yule mweupe. Akaandika kwenye daftari, akasema taratibu: "Mweupe ni tumbo na mifupa. Nyama ya mgongo ni nyembamba. Huyu Mpagazi sarara yake ni nene, na mafuta yamemkaa vizuri. Mimi ningeshauri abaki. Dume kama huyu wanawe watamfuata."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ndugu Kiganja, hebu na wewe wapime."

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Yote niliyosema mpaka hapo ni mzaha, na mzaha hauchinji.

Nilimwendea Mpagazi, nikaweka kiganja mgongoni. Jamani! Mgongo ulikuwa umejaa kama godoro la bibi harusi. Nikabonyeza mbavu, nikashika shina la mkia. Katika maisha yangu yote ya ubuchani sikuwahi kugusa dume la namna ile. Kiganja changu na mashine ya yule binti vilisema kitu kimoja, neno kwa neno!

Ningesema tu, "Binti amesema kweli." Maneno matatu! Lakini nilikuwa nimeshatangaza. Nilikuwa nimeshachekesha watu. Nilimwona Veronika ananitazama bila kejeli yoyote, ananingojea kama mwanafunzi anavyomngojea mwalimu, na badala ya kuona haya nikaona hasira. Nikautoa mkono.

"Ngozi na nundu," nikasema. "Mchinjeni."

Mwenyekiti akaafiki. Sanduku lilikuwa na siku moja kijijini, mimi nilikuwa na miaka kumi na zaidi. Veronika akafunga nyaya zake. Mzee Kashindye alikuwa amesimama kando, akauliza swali moja tu: "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, baba," nikamjibu. Usoni kabisa!

Asubuhi ya sherehe nilimchinja mimi mwenyewe. Bismillahi niliitamka. Mpagazi hakusumbua. Alizoea watu.

Tulipompasua, wale vijana wa kuchuna wakaacha visu wakatazama. Sarara ilikuwa pana, nyekundu safi, na mafuta yamelala juu yake kama yamepakwa kwa mwiko. Veronika akaja na rula. Akapima, akatazama daftari lake, akapima tena. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Imelingana, baba," akaondoka zake.

Wageni walikula, wakasifu. Mgeni mkubwa akaomba nyama ya pili. Mzee Kashindye alikula ugali kwa mboga za majani.

Hasara haikuishia kwenye sahani. Yule mweupe akabaki kuwa dume la kijiji, akazaa! Ndama wakatoka warefu, miguu kama ngazi, matumbo kama ngoma, mgongoni hakuna kitu. Msimu baada ya msimu nikifika kununua ng'ombe, akina mama wa kijiji wananipokea kisimani: "Bwana Kiganja, wajukuu wako wale pale, nenda ukawasalimie!" Mnunuzi gani angewataka? Hata mimi sikuwataka!

Nilimfuata Veronika, nikamwambia nilikosea. Akasema, "Kukosea si neno, baba. Njoo unisaidie." Akanipa kazi ya kupaka ng'ombe mafuta ya kupikia mgongoni. Mimi! Watu wakapita wakiuliza kama kitunguu kimepatikana.

Kijiji kizima kilinisamehe. Lakini, wenzangu, walisamehe kosa, nami sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimedanganya. Msamaha ule haukuwa wangu, nilikuwa nauvaa kama shati la kuazima.

Miaka ikapita. Nikasikia Mzee Kashindye anaumwa, hatoki kitandani. Nikaenda, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: kwamba mkono ulijua, mdomo ukakataa.

Akageukia ukutani. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mtu mwongo hutazama chini. Wewe ulitazama kiganja chako, kama kimekusengenya."

"Sasa baba, mbona hukusema?"

Kicheko kikafutika usoni. "Ningesema, ungeonekana umesingiziwa na mzee mwenye uchungu wa ng'ombe wake. Nilikuwa nakungoja useme wewe. Nikangoja siku ile mpaka ulipokuwa unanoa kisu. Sekunde ya mwisho bado nakungoja."

Akanishika mkono, akanipa pole! Yeye ananipa pole mimi! Alifariki kabla ya masika.

Ninyi mnaosoma, mkiwa mafundi wa lolote, iwe kushona, kutibu au kufundisha, nawaomba. Akija mdogo wenu na chombo chake kipya, mtanieni mkitaka, utani haudhuru. Lakini mkishajua kuwa amesema kweli, semeni papo hapo, mbele ya walewale mliowachekesha. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi niliikimbia dakika hiyo, na kuna mzee aliyeniachia mlango wazi mpaka kisu kikashuka.