Mbegu ya Mnyororo

Enzi za Mdachi, kwetu milimani Uluguru, ilijulikana wazi kwamba mnyororo wa boma una mbegu. Mtu akivalishwa shingoni mara moja, chuma humwachia punje chini ya ngozi. Kiangazi punje hulala. Mvua ikinyesha huota, mizizi humshuka mpaka vidoleni, na vidole hivyo havioni tena kitu cha mtu vikakiacha. Ndiyo maana mwizi akitoka kifungoni hurudi kifungoni. Mimi habari hii niliiamini yote, tena nikaiongezea matawi.

Na mimi ndiye niliyekuwa msomi! Nilihitimu shule ya jioni mjini Morogoro, kutwa nikipasua mawe ya reli, jioni nikipasua herufi, na niliporudi mlimani hapakuwa na mtu, kutoka kwetu mpaka Kisaki, aliyeweza kuniambia kitu. Wakaniita mwalimu. Basi waliponiuliza kama mbegu ni kweli, nilitazama juu kidogo, nikasema, "Kwa elimu, ndiyo."

Ushahidi wetu ulikuwa jirani wa bondeni, mtu aliyenizidi umri kama miaka kumi, aliyekaa na mama yake mgonjwa wa kifua. Kwanza aliiba mbuzi wa jumbe, akamla mpaka kwato. Akala na viboko hamsa wa ishirini, akavaa mnyororo miezi sita, akichota maji ya boma na wenzake, wametungwa kama shanga. Akarudi kiangazi, mpole. Vuli ikaingia: huyo, kaiba! Akafungwa, akarudi kiangazi, mpole. Vuli nyingine: huyo tena! Na mara hizo mbili hakuiba mbuzi. Aliiba moto.

Kwetu moto ulikuwa hauuzwi. Ukizimika jikoni kwako, asubuhi unakwenda kwa jirani na kigae, unatiliwa makaa, unaondoka bila hata asante, kwani kesho atakuja yeye. Kiangazi mtu aliweza kupekecha vijiti mwenyewe. Lakini mvua ikishaushika mlima wiki tatu, hata vijiti vya mganga havitoi moshi. Sasa nani angempa moto mtu mwenye mbegu? Si ingerukia jikoni kwako! Wala hatukumfukuza, maana kumnyima mtu moto ni aibu kubwa. Tulimjibu kwa adabu, "Umezimika, kaka." Moshi unafuka juu ya paa kama gari moshi limeingia stesheni, nasi tunasema umezimika.

Mara ya nne aliiba kwangu. Asubuhi alikuja na kigae chake, nikamjibu kwa adabu ile ile. Nilipotoka kwenda shamba akaingia, nami nikageuka kwa bahati nikamwona anatoka na kijinga cha moto chini ya jani la mgomba. Nilipiga yowe lililosikika Gairo.

Tukashuka naye kwa akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi kutuamua. Akida akasema wazi: mwizi wa mara nne habaki Morogoro, anapelekwa Dar es Salaam, na waliopelekwa huko hatujamwona hata mmoja akirudi. Mama mtu, aliyebebwa na mwanawe mpaka huko, alikuwa ameketi mlangoni pa akida, anakohoa. Kila aliyekuwapo alijua kwamba mwanawe akienda, yeye hamalizi mvua ile.

"Mbegu imeiva, bwana akida," jumbe akasema.

"Mbegu gani?"

Nikasimama. Nilieleza mbegu tangu kupandwa mpaka kuvunwa, nikaonyesha na kovu shingoni mwa mshitakiwa. Wazee wawili wakasogeza vigoda nyuma.

"Shikamoo, bwana akida," mshitakiwa akasema. "Naomba mumuulize mwalimu huyu, nilipomwomba moto asubuhi, alinijibu nini?"

"Haya, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia... umezimika."

"Ulikuwa umezimika?"

Bibi yangu, aliyemzaa mama, alikuwa amekaa mbele kabisa, ananitazama bila kupepesa. Kusema haukuzimika ni kukiri mbele ya ukoo mzima kwamba nimemnyima mtu moto. Nikakimbilia usomi. "Ulizimika kabisa, bwana! Majivu matupu!"

"Basi kaiba nini? Majivu?"

Watu walicheka mpaka kuku wa akida wakahamia kijiji cha pili. "Andika, mwalimu!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Andika, 'Kaniibia majivu'! Usisahau nukta!"

Akida naye hakutaka kuchekwa bomani. Angemwambia nini Bwana Shauri, yule Mdachi wa kesi? Kwamba amemletea mwizi wa majivu? Akatufukuza sote, na mimi akaniahidi viboko kumi nikimletea tena kesi ya majivu.

Tukapanda mlima kwa mvua. Jirani alimbeba mama yake mgongoni, mimi na elimu yangu nyuma, tumejifunika jani la mgomba. Tulipofika kwangu alimtua mama barazani apumzike. Hakuomba kitu. Bibi yangu ndiye aliyeokota kigae, akanitia mkononi, akanielekeza jikoni kwa kidevu.

Nikatia makaa. Nikampa kwa ncha za vidole, mkono nimeunyoosha kama ninalisha chui, huku nachungulia lile kovu.

"Kaka," nikanong'ona, "niambie kweli. Ikianza kuota, inauma?"

Akayapuliza makaa kwanza, mpaka yakawa mekundu.

"Hakuna mbegu, mwalimu," akasema. "Mbuzi nilimla mimi. Moto mlininyima ninyi."